Siku ya Tatu Mpe Jembe: Je, Maskini Afanye Kazi Ndipo Asaidiwe?



Liko swali ambalo husikika mara nyingi hapa Mombo: sokoni, katika mikutano ya vijiji, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Swali lenyewe ni hili: je, ni haki kumpa msaada mtu mwenye nguvu zake bila kumtaka afanye kazi? Wengine hujibu upesi kwamba si haki hata kidogo, maana msaada wa bure huzaa uvivu. Wengine hujibu upesi vilevile kwamba maskini hadaiwi kitu, na kwamba kumtaka kazi mwenye njaa ni ukatili. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yanakwenda mbio mno, na jambo hili lataka tulitazame polepole.

Si swali la maneno matupu. Watu wa vijiji vyetu, wa tambarare na wa mlimani, wamepata fedha za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, na majirani wao wamenong'ona. Zaidi ya hayo, sisi wenyewe tunalo sanduku la sadaka ya maskini. Fedha zake si nyingi, lakini wazee wa kanisa hukaa na kuamua nani apewe na nani asipewe. Sasa limetolewa shauri kwamba kila atakayepewa kitu sharti kwanza afagie uwanja wa kanisa au alime shamba la kanisa. Shauri hilo bado halijapitishwa. Kabla halijapitishwa wala kukataliwa, yatupasa tujue maana yake.

Tuanze na methali ambayo kila mtu anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa, kuonyesha kwamba katika jamii zetu za zamani hapakuwa na mtu wa kula tu. Watu wengi huisema methali hii kama silaha ya kumfukuza mvivu. Lakini tuisikilize vizuri. Kwanza, inamtaka mwenyeji amlishe mgeni siku mbili bila kumwuliza neno. Pili, haisemi siku ya tatu mnyime chakula, wala haisemi mfukuze. Yasema mpe jembe. Maana yake mwenyeji anatakiwa awe na jembe la kumpa na shamba la kumwonyesha. Wajibu wa kwanza umewekwa juu ya mwenyeji, na wajibu wa mgeni wafuata baadaye. Mtu asiye na jembe la kutoa, wala shamba, hana haki ya kusema kwamba mgeni wake ni mvivu.

Wengi hutaja pia neno la Mtume Paulo kwa Wathesalonike, kwamba asiyefanya kazi asile. Neno hilo liligeuka kuwa usemi wa siasa katika nchi nyingi, na hata hapa kwetu. Lakini atakayeifungua barua yenyewe ataona kwamba Mtume anamsema mtu asiyetaka kufanya kazi. Hamsemi asiyeweza, wala hamsemi aliyetafuta kazi asiipate. Neno moja hilo, kutotaka, linabadili hukumu yote.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo lilikuwa kali juu ya wanyonyaji, yaani wale wanaoishi kwa jasho la wengine. Hata hivyo lilitaja watu wenye haki ya kutegemea kazi ya wenzao: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na tena wale ambao taifa kwa wakati fulani limeshindwa kuwapatia nafasi ya kufanya kazi. Hao wa mwisho husahauliwa sana. Walioandika Azimio walijua kwamba mtu aweza kuwa na mikono miwili yenye nguvu na bado akakosa pa kuitumia, na walikiri kwamba hilo si kosa lake.

Basi tukimwona mtu asiye na kazi, tusimhukumu kwanza. Tumpime. Sisi twaona watu wa namna nne. Yuko asiyetaka. Yuko asiyeweza, kwa uzee, ugonjwa au ulemavu. Yuko atakaye na awezaye, lakini hakupata. Na yuko wa nne ambaye tunadhani hafanyi kazi, kumbe anaifanya tangu alfajiri mpaka usiku, ila kazi yake hailipwi wala haihesabiwi. Bibi anayelea wajukuu wanne walioachwa yatima, akachota maji, akatafuta kuni na kumwuguza mgonjwa ndani, mnataka afanye kazi gani tena? Ukimwambia aje afagie uwanja ndipo apewe unga, unamwondoa kwenye kazi kubwa ili afanye ndogo.

Juu ya huyo wa tatu, aliyekosa, hatuna haja ya kutazama mbali. Wapo miongoni mwetu wazee waliokata mkonge katika mashamba ya mkoa huu. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge, ikiongoza dunia nzima. Kisha nyuzi za viwandani zikaenea, bei ikaanguka, mashamba mengi yakadhoofika, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa yamebaki kiasi cha tani 20,000 tu. Maelfu ya watu walibaki bila kibarua. Je, tutasema kwamba wana wa Tanga waliamka siku moja wote wakawa wavivu? La hasha. Hawakubadilika wao. Kazi ndiyo iliyoondoka.

Tena, jambo la kulazimisha watu kazi si geni kwetu, na historia ya milima hii ina mengi ya kutufundisha. Wakati wa Wajerumani, Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal, wanaume wa Usambara walipewa kadi iliyowataka wafanye kazi ya siku 30 kwa mzungu katika kila miezi minne. Asiyejaza kadi yake alichukuliwa kwa nguvu kwenda kazi za serikali. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Mwafrika ni mvivu na lazima afundishwe kazi. Lakini mwanamume huyo alikuwa na shamba lake la migomba na familia ya kulisha. Hakuwa mvivu hata kidogo. Walowezi walihitaji mikono yake katika mashamba yao, wakauita uhitaji wao uvivu wake.

Wakaja Waingereza. Mwaka 1946 ulianza mpango wa kuhifadhi udongo kule Mlalo, na katika miaka ya 1950 watu wa milimani walitakiwa kuchimba matuta katika mashamba yao, asiyechimba akatozwa faini. Kuhifadhi udongo ni jambo jema. Kila anayeona mto ukishuka mwekundu wakati wa masika anajua hivyo. Lakini kazi ilikuwa nzito, sehemu kubwa ikawaangukia wanawake, haikulipwa, na waliotakiwa kuifanya hawakuulizwa shauri. Ilichukiwa, ikapingwa, na kabla ya uhuru sheria hizo zikaachwa. Hapo twajifunza kwamba hata kazi yenye manufaa hugeuka mzigo ikiamriwa bila kushauriana na bila ujira.

Na baada ya uhuru? Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilipitishwa sheria ya nguvu kazi. Nia yake ilikuwa kila mwenye nguvu awe na kazi halali. Jijini Dar es Salaam watu waliokosa kitambulisho cha kazi walikamatwa kama wazururaji, wengi wakapelekwa vijijini na mashambani. Miongoni mwao walikuwamo wauzaji wadogo wadogo waliokuwa wakilisha watoto wao kwa biashara hiyo. Haukupita muda mrefu wengi wakarudi mjini. Mwishowe serikali yenyewe ilianza kuwapa wafanyabiashara wadogo leseni, na leseni hiyo ikaitwa leseni ya nguvu kazi. Tazameni jambo hili: yule aliyekamatwa kwa kuwa hana kazi, baadaye alipewa karatasi ya kuthibitisha kwamba ile ile aliyokuwa akiifanya ni kazi. Kumbe wakati wote ilikuwa kazi. Kilichokosekana ni macho ya kuiona.

Tukija kwenye mambo ya siku hizi, twapaswa kusema ukweli kwamba TASAF haifanani na kadi ya Wajerumani. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa na Rais Kikwete mwaka 2012, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa na Rais Magufuli mwezi Februari 2020. Kaya zilizotambuliwa kuwa maskini kuliko nyingine zilipewa ruzuku, na zenye watu wa kufanya kazi zikapewa nafasi ya ajira za muda: kuchimba malambo, kufungua barabara za vijijini, kupanda miti, kuhifadhi udongo. Kazi hiyo ilikuwa hadi siku 60 kwa mwaka. Ujira ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku katika kipindi cha kwanza, na shilingi 3,000 katika kipindi cha pili. Hapa jembe limetolewa kweli, na shamba limeonyeshwa. Kijiji hubaki na lambo au barabara, na mtu hurudi nyumbani na fedha aliyoitolea jasho.

Yuko pia mfanyakazi wa mshahara. Tangu sheria ya mwaka 2018, mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii aliyechangia angalau miezi 18, akapoteza kazi bila kuiacha mwenyewe, aweza kupata fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Ni jambo jema. Lakini mkata mkonge wa kibarua, mpakiaji wa matenga ya nyanya na mama anayeuza ndizi kwa abiria wa mabasi hawamo katika hesabu hiyo kama hawakuchangia. Wao wakikosa, wanategemea ndugu, jirani, na sanduku letu.

Sasa tuisikilize hoja ya wale wanaotaka sharti la kazi, maana wana sehemu ya kweli. Wanasema kazi humpa mtu heshima. Ni kweli. Wako maskini wengi ambao wangependa mara mia kulipwa kwa jasho kuliko kunyoosha mkono. Mwenye kuomba kila siku huinamisha macho, lakini mwenye kulipwa hutazama watu usoni. Wanasema pia kwamba anayetoa sadaka naye amefanya kazi, na ni haki aone kwamba mali yake haimlishi mjanja. Hilo nalo ni kweli. Mkulima aliyeuza tenga moja la nyanya akaleta fungu kanisani hastahili kudhihakiwa na mtu mwenye nguvu anayeshinda akicheza bao.

Lakini pale wanaposema kwamba kila msaada usio na kazi huleta uvivu, hapo hatuwezi kuwafuata. TASAF ilipofanya majaribio yake tangu mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, kaya zilizopewa fedha zilichunguzwa pamoja na zile ambazo hazijapewa. Zilizopewa zilionekana kuweka mifugo zaidi, kuwanunulia watoto viatu, na kujiunga zaidi na bima ya afya. Anayenunua mbuzi kwa fedha ya msaada hajaamua kulala. Ameanza kujitafutia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mara nyingi humdhania mambo ambayo hakuyachunguza.

Nchi nyingine zimepita njia hii kabla yetu. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1834, iliamua kwamba mwenye nguvu asisaidiwe ila aingie katika nyumba za kazi. Humo mume alitenganishwa na mke, wazazi na watoto, na maisha yalifanywa magumu makusudi ili mtu aogope kuomba. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1996, iliweka sharti la kazi na kikomo cha miaka 5 kwa msaada wa familia maskini. Akina mama wengi walipata kazi, kwa kuwa siku hizo kazi zilikuwa nyingi. Lakini wengine walibaki bila kazi na bila msaada. India nayo ilishika njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2005 iliipa kila kaya ya kijijini haki ya kudai siku 100 za kazi ya kulipwa kwa mwaka, na serikali isipotoa kazi, ilipe posho ya kukosa kazi. Tofauti ni kubwa. Katika mfano wa kwanza na wa pili maskini ndiye anayedaiwa. Katika wa tatu serikali ndiyo inayodaiwa jembe.

Maandiko yanaonyesha njia iliyo karibu na hiyo. Torati ilimwamuru mwenye shamba asivune mpaka pembeni, wala asiokote masazo, bali awaachie maskini na mgeni. Ruthu aliokota masuke tangu asubuhi kwa mikono yake mwenyewe. Alifanya kazi, lakini masazo yale hayakuwa hisani ya Boazi peke yake. Yalikuwa haki yake kwa sheria ya Mungu. Na Bwana wetu alipotoa mfano wa shamba la mizabibu, wale waliosimama sokoni mpaka saa kumi na moja waliulizwa kwa nini wamesimama bure mchana kutwa. Walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwaita waongo. Aliwapeleka shambani, na jioni akawapa ujira wa siku nzima, kwa sababu matumbo ya watoto wao hayakuwa yamefunga saa kumi na moja kati ya kumi na mbili. Kila asubuhi wako vijana wanaosimama karibu na barabara kuu hapa kwetu, wakingoja gari la mboga lishuke kutoka Lushoto ili wapakie au wapakue. Saa nne wengine huondoka mikono mitupu. Ni wale wale wa mfano.

Kabla hatujamaliza, tuseme na jambo ambalo hatupendi kulisema. Kama kula bila kufanya kazi ni dhambi, basi ni dhambi kwa wote. Yuko mtu mwenye nyumba za kupanga na mashamba ya kukodisha, ambaye hajashika jembe miaka mingi, na sisi humpa kiti cha mbele. Hatumwulizi amefanya nini wiki hii. Swali hilo tumemwekea mwenye kanga iliyochakaa. Sheria inayomwuliza maskini peke yake huongozwa na upendeleo, wala si na kupenda kazi.

Basi tunasemaje juu ya shauri lililo mbele yetu? Sisi twaona kwamba kazi si sharti baya, mradi maswali manne yajibiwe kwanza.

La kwanza: je, kazi ipo, na sisi ndio tunaoitoa? Tusimwambie mtu akatafute kazi ambayo sisi wenyewe hatuioni.

La pili: je, anaweza? Wazee, wagonjwa, walemavu, wajawazito, na wanaolea yatima au kuuguza wagonjwa wasamehewe, tena wasilazimishwe kueleza shida zao mbele ya watu.

La tatu: je, kazi ina manufaa, na ujira wake ni wa haki? Kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa, ili watu waone kwamba fulani anasaidiwa, ni aibu tu iliyopewa jina la kazi. Kama shamba la kanisa linahitaji palizi, alipwe kama anavyolipwa kibarua mwingine yeyote. Hapo tena hatutaita msaada. Tutaita mshahara, naye ataupokea kwa haki.

La nne: ikiwa mtu kweli hataki, ingawa kazi ipo, anaweza, na ujira ni wa haki, nani ataumia tukimnyima? Kama ni yeye peke yake, aonywe, kama Mtume alivyoagiza, tena aonywe kama ndugu. Lakini kama wako watoto nyumbani, chakula cha watoto kisikatwe kwa kosa la baba. Apewe mama yao, au kipikwe kwa jirani.

Kwa hiyo tunawashauri wazee wa kanisa wasipitishe shauri lile jinsi lilivyo. Badala yake, fungu moja la sanduku libaki la wasiojiweza, litolewe kimya kimya bila sharti. Fungu la pili liwe la kulipia kazi halisi ambazo mtaa wetu unazihitaji, kama palizi, kuzibua mifereji kabla ya masika na kutengeneza madawati. Na kila Mkristo mwenye shamba, duka au gari ajiulize kama hana kibarua cha siku mbili anachoweza kumpa mtu kabla hajalalamika juu ya uvivu wa watu wa Mombo.

Tukifanya hivyo tutakuwa tumeitii methali yote, tangu siku zile mbili za kulisha mpaka siku ya kutoa jembe. Mungu, aliyemweka mwanadamu katika bustani ailime na kuitunza, atupe hekima ya kugawa kazi na chakula kwa haki.